Kutafuta Tiba ya Sonona Huku Nikidaiwa

Mtu anayedaiwa huona kila shilingi iliyo mkononi mwake ni ya watu. Akinunua dawa ya kikohozi anahisi amemdhulumu anayemdai, na akipanda daladala anaomba asionekane na mtu wa kikundi chake. Naanza na jambo hili kwa sababu ndilo lililonichelewesha kupata tiba kuliko foleni na kuliko gharama yenyewe, na nimelikuta kwa wanawake wengi hapa Tanga ambao wanaugua sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, kama nilivyougua mimi, na ambao ukiwatajia hospitali hukujibu kwamba watakwenda wakishamaliza deni. Kwa ugonjwa huu jibu hilo ni la hatari, maana ugonjwa wenyewe unamwondolea mtu uwezo wa kufanya kazi, na pasipo kazi deni halimaliziki.

Mimi nafanya biashara ya dagaa Sahare. Dagaa wakishuka kwenye mashua alfajiri huchemshwa katika maji ya chumvi, kisha hutandazwa juani, na jua likiwa kali siku moja huweza kutosha kuwakausha. Mvua ikiwakuta kabla hawajakauka, wanalainika, wanabadilika rangi na kuanza kunuka. Mnunuzi akija anachota kidogo kiganjani, anawasugua kwa kidole gumba, na wakimegeka anafuta mkono wake na kuondoka bila kuuliza bei. Masika ya 2024, yale yaliyoleta mafuriko sehemu nyingi za nchi na yaliyofuatiwa na Kimbunga Hidaya mwanzoni mwa Mei, yalinikuta na mzigo mkubwa nilioununua kwa fedha za mkopo wa kikundi, ule wa marejesho ya kila wiki. Wakati huohuo mama yangu alikuwa amelazwa. Ili marejesho ya kikundi yasilale nilichukua fedha kwa mkopeshaji wa mtaani, mkopo wa aina ambayo nchi nzima inaiita kausha damu, na ili nimlipe huyo nikakopa kwenye programu za simu, ambazo hutoa fedha kwa dakika chache na kuanza kudai kabla mtu hajazifanyia kazi yoyote.

Sikujua kwamba naumwa. Nilikuwa naamka saa tisa usiku na kukaa macho hadi adhana ya alfajiri. Chakula kilikuwa hakina ladha. Nilikuwa nikipewa noti ya elfu kumi nashindwa kukokotoa chenji ya kurudisha, mimi niliyezoea kupiga hesabu za magunia kichwani. Kichwa kilikuwa kizito na kifua kinabana, kwa hiyo nilipima malaria, nikapima taifodi, nikapima presha, na kila mara nikarudi nyumbani na dawa ambazo hazikunisaidia. Watu wa mtaani walisema nina mawazo, na shauri lao lilikuwa moja tu, nivumilie. Nasema bila chuki kwa yeyote kwamba shauri hilo, hata likitoka kwa mtu anayekupenda, linamwacha mgonjwa peke yake, kwa sababu linamtaka atumie nguvu ambazo tayari hana.

Aliyenisukuma kwenda hospitali alikuwa shehe wa mtaani kwetu. Dada yangu alinipeleka kwake nisomewe, kwa kuwa ndugu walishaanza kunong'ona kwamba hili si la kawaida. Mzee yule kabla ya kufungua kitabu aliniuliza, "Mwanangu, unalala?" Nikamwambia, shehe, usingizi siujui tena. Akanisomea, kisha akanifundisha ile dua ambayo Mtume alikuwa akiomba mara kwa mara, ya kujikinga na wasiwasi na huzuni, na uvivu, na ubahili, na woga, na kulemewa na deni, na kushindwa nguvu na watu. Nilikuwa nimeisikia tangu nikiwa chuoni, lakini siku ile ndipo nilipoona kwamba huzuni na deni vimewekwa katika dua moja. Kisha akasema, "Tumeamrishwa kujitibu. Kisomo hakizuii hospitali. Kesho mchukue mdogo wako, umpeleke."

Dada alikubali. Mimi niliogopa. Kwetu hapa ukitaja hospitali ya magonjwa ya akili watu wanawaza Lutindi, kule milimani Korogwe, au Mirembe ya Dodoma, na wanawaza mtu aliyefungwa kamba anapandishwa kwenye gari. Lutindi ni hospitali kongwe ya Kanisa la Kilutheri, iliyoanza na wamisionari wa Kijerumani mwishoni mwa karne ya 19 kama makazi ya watoto waliokombolewa utumwani kabla ya kugeuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, na imewahifadhi watu wengi ambao jamaa zao walishawakatia tamaa. Lakini mtu mwenye sonona anayetembea kwa miguu yake hahitaji kupelekwa huko ili aanze kutibiwa. Anaanzia pale anapoanzia mtu mwenye homa, yaani kwenye dirisha la kujiandikisha la kituo cha afya kilicho karibu naye.

Nilikuwa nimewahi kuulizia ushauri nasaha wa kulipia. Mpwa wangu alinitafutia mnasihi wa Dar es Salaam ambaye huzungumza na watu kwa simu, na bei ya saa moja ikawa inazidi rejesho langu la wiki nzima. Nikajiambia kwamba tiba hii ni ya watu wenye uwezo, na nikaiacha. Ninachotaka msomaji akijue ni kwamba hospitali za rufaa za mikoa zina huduma ya afya ya akili, kwamba hapa kwetu hospitali hiyo ni Bombo, na kwamba ndani ya hospitali ya serikali kuna ofisi ya ustawi wa jamii ambayo sehemu ya kazi yake ni kumsikiliza mgonjwa asiyeweza kulipa.

Tulianzia kituo cha afya. Tabibu aliponiuliza ninaumwa nini nilianza kutaja kichwa na kifua, kama kawaida yangu, na dada akanikata: "Daktari, mdogo wangu halali, hali, na anasema anatamani asingekuwepo." Kimya kikapita, kisha tabibu akaweka kalamu chini na kutaka kunisikiliza mimi mwenyewe. Tangu siku ile kila ninayemsindikiza namwomba aanze na usingizi, hamu ya kula na fikra zake, kisha ndipo ataje maumivu ya mwili, kwa sababu ukianza na kichwa utapimwa malaria, na anayekupima hana kosa, maana umemweleza dalili za malaria. Tuliandikiwa rufaa kwenda Bombo.

Kabla ya kwenda tulipita ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti ananijua, anajua na mzigo ulioharibika, akaandika barua fupi ikagongwa muhuri kwamba mimi ni mkazi wake na kwamba kwa wakati ule sikuwa na kipato cha kumudu matibabu. Kuomba barua ile kulinitia aibu kuliko kukopa. Lakini barua hiyo ndiyo aliyoitaka afisa ustawi wa jamii pale hospitali, mama mmoja mtulivu, ambaye aliuliza maswali kuhusu watoto wangu, kazi yangu na nani ananisaidia, akajaza fomu, na gharama za kumwona daktari zikaondolewa. Kwa mtu mwenye kipato kidogo kisichokatika kulikuwa na njia nyingine, ya Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, ambao wakati ule ulitoza shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita. Baadaye nilijiunga. Unapolipia kidogo kidogo kila unapougua huoni jumla yake, na mimi nilipokaa kuhesabu vipimo vya malaria na taifodi vya miezi ile nilikuta vimezidi mchango huo.

Chumba cha muuguzi wa afya ya akili kilikuwa kidogo, chenye meza, viti na dirisha lililofungwa nusu ili wanaosubiri nje wasisikie. Muuguzi alikuwa binti wa umri wa mpwa wangu. Aliniamkia, "Shikamoo mama," akaniambia kwamba atanisomea maswali tisa, yote kuhusu wiki mbili zilizopita, na kwamba kwa kila swali nichague: hapana kabisa, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku hizo, au karibu kila siku. Majibu hayo yana alama kuanzia sifuri hadi tatu, na jumla kubwa kabisa ni 27. Kuanzia 10 mhudumu hupaswa kuangalia kwa makini zaidi. Aliuliza kuhusu kukosa raha katika mambo, kuhusu huzuni, usingizi, uchovu, chakula, kujiona umeshindwa, kushindwa kutuliza akili, na kuhusu mwendo na maneno kuwa mazito. Nilikuwa najibu "karibu kila siku" huku nikishangaa, kwa sababu nilidhani yale ni mambo yangu mwenyewe, aibu zangu binafsi, kumbe yalishaandikwa kwenye karatasi kabla sijaingia mlangoni.

Swali la tisa linauliza kama mtu amewaza kwamba ni heri afe, au amewaza kujidhuru. Nilijibu ukweli. Niliwahi kuwaza kwamba nikiondoka wadai watawaacha watoto wangu. Muuguzi hakushtuka wala hakunikemea kwa dini. Aliniuliza kama nimepanga lolote, akamwita dada yangu ndani kwa idhini yangu, akamweleza kwamba kwa siku zile nisiachwe peke yangu, na kwamba wazo likirudi kwa nguvu tuje saa yoyote, mchana au usiku, tusisubiri tarehe ya kliniki. Nimeandika haya kwa kirefu kwa ajili ya mtu ambaye ana wazo hilo leo na anaogopa kulisema. Kulisema kulinifanya nilindwe, na mzigo wa siri ile ulipungua palepale kwenye kiti.

Daktari alinianzishia amitriptilini, dawa ya zamani na ya bei nafuu, ya kumeza usiku. Alinieleza kwamba haiwi kama panadoli, kwamba huchukua wiki mbili au zaidi kabla mtu hajaona nafuu, kwamba nisiiache ghafla, na kwamba hata nikishapona nitaendelea kuitumia kwa miezi mingi ili ugonjwa usirudi. Siku za mwanzo kinywa kilikauka na nilikuwa nalemewa na usingizi asubuhi, nikachelewa mashua. Kwa mfanyabiashara wa dagaa kuchelewa mashua ni kukosa siku nzima, na nilitaka kuacha dawa. Nilipomwambia daktari, alinipa ruhusa ya kuimeza mapema zaidi jioni, baada ya magharibi, na tatizo likapungua. Usingizi ndio uliorudi kwanza. Chakula kilifuata, na hesabu za chenji zilikuwa za mwisho kabisa.

Lakini dawa hailipi deni, na muuguzi yule alilijua hilo kuliko nilivyotarajia. Siku ya ushauri nasaha aliniomba nije na daftari ambalo nimeandika kila ninayedaiwa naye. Nilichora mistari: jina la anayedai, fedha niliyopokea, nilichokwisha kulipa, kinachodaiwa sasa, tarehe, na kama kuna karatasi yoyote ya makubaliano. Kuandika ukurasa ule kulinichukua jioni kadhaa, kwa kuwa kila nikifika kwenye mstari wa mkopeshaji wa mtaani mkono ulikuwa unatetemeka. Muuguzi aliusoma wote, kisha akaniuliza ni lipi kati ya haya linaninyima usingizi zaidi. Sikutaja lenye fedha nyingi. Nilitaja ujumbe wa zile programu za simu, kwa sababu walikuwa wanawatumia watu walio kwenye orodha ya namba zangu, mpaka mwalimu wa mwanangu, wakisema mimi ni tapeli. Akasema basi tuanze na hilo, mengine yasubiri.

Nimesoma baadaye kwamba njia hii ya kuchagua tatizo moja, kulitafutia hatua ndogo na kurudi kueleza lilivyokwenda, ndiyo inayotumiwa Harare, ambako tangu 2006 mabibi waliopewa mafunzo hukaa kwenye mabenchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu wenye huzuni. Iliyoanzisha kazi hiyo ni fikra ya daktari mmoja wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda. Ninaitamani sana ije Tanga. Mabibi wenye busara tunao, na mabenchi ya kukaa wagonjwa yapo tayari nje ya kila kituo cha afya.

Hatua yangu ndogo ilikuwa hii: nilimkabidhi mpwa wangu simu. Yeye alisoma ujumbe wote kwa niaba yangu, akapiga picha za skrini, akaandika tarehe na namba, mimi nisione. Kisha tukaenda kwa msaidizi wa kisheria, ambaye kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 hapaswi kumtoza mtu kama mimi. Alitueleza mambo ambayo yangeniepusha na nusu ya hofu yangu kama ningeyajua mapema. Deni ni jambo la madai, linaamuliwa na mahakama, na polisi si wakusanyaji wa marejesho. Mkopeshaji anatakiwa kuwa na leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, na Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa taasisi za daraja la pili, zile zisizopokea amana. Kuwatangazia watu wengine deni la mtu hakuruhusiwi, na taarifa zake binafsi zinalindwa kwa sheria ya 2022. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Mpwa wangu aliipekua na kukuta humo baadhi ya zile zilizonitukana.

Mkopeshaji wa mtaani tulikaa naye mbele ya mwenyekiti. Daftari langu lilionyesha kwamba nilikuwa nimeshamlipa zaidi ya mtaji wake. Hakufurahi, na maneno makali yalisemwa, lakini alikubali kiasi kilichobaki kilipwe kidogo kidogo kwa stakabadhi, bila riba kuongezeka juu ya riba. Shehe alikuwepo, na aliikumbusha ile aya ya Suratul Baqara inayomtaka mdai ampe muda mdaiwa mwenye dhiki mpaka afarijike. Nilimwona yule bwana akiinamisha kichwa. Kikundi kiliniongezea muda wa marejesho baada ya viongozi kuona barua ya hospitali, jambo ambalo sikulitegemea, kwa sababu wanawake wa kikundi hulipiana pale mmoja anapokosa, na walikuwa na haki ya kunikasirikia.

Kuna msaada mmoja niliouomba kwa kusita sana, nao ni zaka. Wenye madeni wametajwa katika Kurani miongoni mwa makundi manane yanayostahili, lakini wengi wetu tunawaza kwamba zaka ni ya mafukara na yatima pekee. Nilichopewa kilifunga deni la duka la dawa na kunibakizia nauli ya kliniki. Msomaji Mkristo ataangalia kanisani kwake. Najua parokia na sharika ambazo hufanya hivyo bila kutangaza.

Deni bado lipo, dogo kuliko lilivyokuwa. Nimerudi Sahare, nanunua mzigo mdogo, na wingu likionekana tunakunja mapema. Sasa wanawake huniita pembeni na kuniuliza, na ninaowasindikiza nawaambia wabebe barua ya mtaa au kadi ya bima, dawa zote wanazotumia hata za miti, na mtu mmoja wanayemwamini. Tatizo linalobaki ni dawa kukosekana dirishani, na hutokea. Hapo mwombe daktari aandike jina lenyewe la dawa, si jina la kampuni inayoitengeneza, kwa kuwa duka likikupa ya kampuni moja badala ya nyingine bei huweza kupungua sana na kazi yake ni ileile. Ununue hata vidonge vya wiki moja tu kama ndicho ulicho nacho, na kwenye daftari la marejesho uviandike mstari wa kwanza, juu ya majina ya wote wanaokudai.